Viti vitano bungeni, miaka 80 mtaani

Mhariri, swali lenu la wiki lilikuwa hili: tangu wazee wa Uganda wapate viti vyao bungeni, ni neno gani la mbunge lililowafikia mlangoni? Kwetu limefika neno moja, tena ni tarakimu: 80, umri wa kuanza kupokea pesa za wazee za serikali. Hotuba za heshima, hekima na utamaduni zimebaki huko huko ukumbini Kampala.

Naishi Walukuba, Jinja, mtaa uliojengwa enzi za mkoloni kwa ajili ya wafanyakazi. Wazee wetu walikuja hapa wakiwa vijana, huyu katoka West Nile, yule Acholi, mwingine Teso, mwingine ng'ambo ya mpaka wa Kenya. Walifuma vitambaa pale Nytil, wakabeba mizigo ya reli, wakapika kwenye nyumba za matajiri. Kiswahili ndicho walichoelewana nacho, na ndicho walicholelea watoto. Nimetaja hayo mapema kwa sababu mtu wa kijijini Kamuli, mwenye shamba la babu yake na kaburi la babu yake nyuma ya nyumba, anaweza kuliona jambo hili kwa jicho tofauti na langu.

Viti vyenyewe vilianza na Bunge la 11, mwaka 2021: vitano, kimoja kwa kila kanda kati ya nne na kimoja cha mwanamke kwa nchi nzima. Bunge lile lilikuwa na wabunge 529. Sisi wa mashariki tuliwakilishwa na Dominic Gidudu Mafwabi, na kiti cha mwanamke kilikuwa cha Peninah Kabingani. Wapiga kura wa viti hivi ni wajumbe wa mabaraza ya wazee, yaliyoundwa kwa sheria ya 2013 kuanzia kijijini hadi taifa, kwa hiyo mzee wa kawaida hana karatasi ya kumpigia mtu wake. Ndiyo maana wengi mtaani hawajui hata kwamba wana mbunge. Siwezi kuwalaumu hao watano kwa hilo. Watu watano kati ya 529 hawapitishi wala hawaangushi bajeti. Kazi waliyopewa hasa ni kusema, basi tuwapime, wao na wenzao, kwa walichosema.

Mimi husoma Hansard, kumbukumbu rasmi za mijadala ya Bunge, kwenye simu. Imeandikwa kwa Kiingereza, kwa hiyo jioni huwasomea wazee wachache kwa Kiswahili, nikiruka taratibu na salamu za Spika, ambazo ni nyingi. (Katiba ilikifanya Kiswahili lugha rasmi ya pili mwaka 2005. Hilo nalo lingehitaji barua yake.) Kwa kusoma huko nimeona hotuba za wazee zina sura mbili. Ya kwanza ni ya mbunge anayesimama na "penye wazee haliharibiki neno", akasifu familia ya Kiafrika, akasikitikia vijana wa leo, akaomba turudi kwenye mila. Ya pili ni ya mbunge anayemwuliza waziri: pesa za robo hii zimetoka? Wenye miaka 65 hadi 79 wameachwa kwa hesabu gani? Ya kwanza hupigiwa makofi. Ya pili hujibiwa kwamba fedha zikipatikana serikali italiangalia.

Wasiojua chanzo cha hiyo 80 niwaeleze. Mpango wa SAGE, ambao watu huuita tu pesa za wazee, ulianza kulipa mwaka 2011 katika wilaya 14 za majaribio, kwa msaada wa Uingereza na Ireland. Umri ulikuwa 65, na Karamoja 60, kwa kuwa maisha ya huko yanamzeesha mtu mapema. Kiwango kilianza shilingi 23,000 kwa mwezi, kikafika 25,000, kikaganda hapo mwaka baada ya mwaka huku bei ya sukari na sabuni ikienda zake. Baadaye wilaya nyingine ziliongezwa, lakini huko walichukuliwa wakongwe 100 tu kwa kila gombolola, yaani kata. Mpango ulipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha 2020/21, umri ukapandishwa hadi 80. Waliokuwa wameingia zamani hawakuondolewa. Matokeo yake ni kwamba mzee wa wilaya ya majaribio alianza kupokea akiwa na miaka 65, na mwenzake aliyezaliwa naye mwaka mmoja, ila wilaya yake haikuwa kwenye orodha, anaambiwa asubiri miaka 15.

Sensa ya 2024 imeweka wastani wa umri wa kuishi Uganda kwenye miaka 68 hivi. Najua wataalamu watanirekebisha: wastani huo huhesabiwa tangu kuzaliwa, na aliyekwisha kufika 65 ana matumaini ya kuishi zaidi ya hapo. Sawa. Lakini hata kwa hesabu hiyo wengi hawatafika 80, na anayefika mara nyingi hawezi tena kupanga foleni ya malipo bila kushikwa mkono.

Ndiyo sababu nampa alama nzuri Flavia Kabahenda Rwabuhoro, mbunge mwanamke wa Kyegegwa katika Bunge la 11, ingawa hakukaa kwenye kiti cha wazee. Aliongoza jukwaa la wabunge la hifadhi ya jamii, kisha akaongoza kamati ya jinsia, kazi na maendeleo ya jamii, na katika nafasi hizo suala la SAGE lilibaki kwenye meza ya bajeti badala ya kuishia kwenye shukrani. Kyegegwa ilikuwa miongoni mwa zile wilaya 14. Huenda ndiyo siri yake: ametoka mahali ambapo watu wameona kwa macho pesa hizo zinavyobadilisha jungu la mwezi. Ombi la kushusha umri limerudiwa na wabunge wa kila rangi ya chama, na limerudishwa kila mara kwa neno lile lile, fedha. Sitaki kujifanya fedha ni jambo dogo. Ila wabunge hao hao wana mfuko wao wa pensheni tangu sheria ya 2007, mbunge akichangia asilimia 15 ya mshahara na serikali ikimwongezea 30. Huko fedha ilionekana.

Jambo la pili lenye tarakimu ni tarehe ya kuzaliwa. Pesa za wazee hutoka kwa endangamuntu, yaani kitambulisho cha taifa, na umri unaohesabiwa ni ule ulioandikwa humo. Mzee mmoja jirani yetu ana kitambulisho kinachosema alizaliwa 1952. Yeye mwenyewe anakumbuka akiwachotea maji mafundi wa bwawa la Owen Falls, na bwawa hilo lilifunguliwa na Malkia Elizabeth Aprili 1954. Kwa kitambulisho chake basi alikuwa kibarua kabla ya kutimiza miaka mitatu. Aliyemwandikisha alikadiria kwa kumtazama uso, na mzee wetu, kwa bahati mbaya, hana mvi nyingi. Kusahihisha kunataka karatasi ambazo mtu wa umri wake hakuwahi kupewa. Si yeye peke yake: ripoti ya Juni 2021, iliyoandaliwa na kituo cha haki za binadamu cha Chuo Kikuu cha New York pamoja na mashirika ya ISER na Unwanted Witness ya hapa nchini, ilieleza kwa urefu jinsi wazee walivyokosa malipo kwa sababu ya vitambulisho vyenye makosa au visivyokuwepo kabisa. Mbunge akisimama kuuliza juu ya tarehe hizi, hotuba yake haina utamu wowote. Kwangu ndiyo hotuba.

Sasa utamaduni. Kwa mpangilio wa serikali yetu, wizara moja inashika wazee, utamaduni, kazi, vijana na jinsia, na kamati moja ya Bunge inaisimamia. Si ajabu basi mjadala wa wazee ukateleza na kuwa mjadala wa mila. Hoja husikika hivi: Mwafrika humtunza mzazi wake, pensheni ni ya Wazungu, tuimarishe koo. Mzee wa Walukuba ataimarisha ukoo upi? Nyumbani kwao alikoondoka miaka sitini iliyopita shamba lilishagawanywa. Watoto wake wanapanga vyumba kama yeye. Ukimwambia arudi kwa watu wake, watu wake ni hawa wa ploti hii, na wao pia wana miaka sabini na kitu.

Tena wanaosema utamaduni mara nyingi wanawasahau wenye utamaduni. Hapa Busoga tuna bigwala, tarumbeta za vibuyu zinazopigwa kwenye sherehe za ufalme. UNESCO iliziweka mwaka 2012 kwenye orodha ya urithi unaohitaji kuokolewa haraka, kwa sababu mafundi wa kuzitengeneza na kuzipiga walikuwa wamebaki wakongwe wachache sana. Urithi wa taifa ulikuwa kwenye mapafu ya wazee wachache wa kijijini, ambao kwa kipimo cha SAGE pumzi zao zina thamani ya shilingi 25,000, tena kuanzia miaka 80. Upande wa pili, viongozi wa kimila wanaotambuliwa chini ya ibara ya 246 ya Katiba na sheria ya 2011 hupewa na serikali shilingi milioni 5 kwa mwezi. Simsemi vibaya Kyabazinga, mfalme wetu wa Busoga, na wageni wanaomfikia ni wengi. Nimegawanya tu: fungu la kiongozi mmoja ni fungu la wazee 200. Sijakutana na hotuba ya utamaduni iliyogawanya hivyo.

Kuna mahali Bunge liligusa mila na wazee pamoja likafanya kazi ya maana, nalo ni urithi wa mali. Mahakama ya Katiba ilifuta mwaka 2007 vifungu vya sheria ya mirathi vilivyowabagua wanawake. Bunge likakaa hadi 2022 ndipo marekebisho yakawa sheria: fungu la mjane katika mirathi isiyo na wosia likapanda kutoka asilimia 15 hadi 20, na nyumba aliyoishi na marehemu ikalindwa zaidi dhidi ya mashemeji. Miaka 15 ni mirefu, na wajane wengi walifukuzwa humo katikati. Lakini leo bibi wa miaka 70 anaweza kumwonyesha shemeji yake karatasi. Ndiyo hotuba zilizofika mlangoni, kwa maana halisi ya mlango.

Marekebisho ya sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ya mwaka huo huo, yaliyomlazimisha kila mwajiri kuchangia hata mwenye mfanyakazi mmoja, yatawafaa wazee wa kesho. Wa leo hawamo. Na ile asilimia 10 ya wazee katika mpango wa maendeleo wa parishi ni mkopo wa biashara. Mtu wa miaka 78 mwenye magoti mabovu umpe kuku mia, umemsaidia au umempa kazi?

Sisi wa mtaani tumeamua kuandika barua kwa mwakilishi wa wazee wa mashariki. Bajeti hutakiwa kupitishwa kabla ya 31 Mei, lakini waraka wa mwelekeo wake huingia bungeni mwisho wa Desemba, kwa hiyo barua za Aprili huwa zimechelewa na yetu itatangulia. Ina maombi mawili. Umri ushuke, hata kwa ngazi, 75 kwanza. Na mzee asiye na karatasi athibitishwe umri na baraza la wazee la kijiji chake, kwa matukio anayoyakumbuka. Mjumbe mmoja alitaka tuongeze ombi la fulana za sikukuu ya wazee ya 1 Oktoba, kwa kuwa za mwaka uliopita hazikututosha. Tulipiga kura, fulana zikashindwa kwa kura mbili.