Deli la matairi: mwili haufi, kinachokufa ni miguu

Mkuu, umeuliza kama lile deli la matairi (boksi la kutunzia barafu, la kuburuta) uliloliona dukani, lenye bei inayokaribia friji ndogo, limetengenezwa kweli au unauziwa jina, na kama litahimili biashara ya vinywaji Coco Beach kila wikiendi. Waliotangulia wamekujibu kwa siku za barafu, yaani siku inazokaa kabla ya kuyeyuka: huyu siku tano, yule saba. Mimi siku za barafu hazijawahi kunitia hasara. Kilichonitia hasara ni kipande cha chuma kisichozidi urefu wa mkono.

Nauza samaki wa oda. Naishi Kigamboni. Saa kumi na moja alfajiri niko ng'ambo pale Feri, soko la samaki, nanunua, napanga kwenye barafu, naburuta deli hadi kivukoni, navuka, halafu bajaji hadi Mjimwema na Kibada kwa wateja. Deli langu kila siku linaonja sakafu ya soko iliyolowa maji ya chumvi, mteremko wa kivuko, mchanga na mashimo. Mtu wa pikiniki za Mbudya atahitaji miaka mingi kulifikisha la kwake nilikolifikisha la kwangu kwa mwaka mmoja.

La kwanza nililinunua jipya, bei ya kuumiza. Jina silitaji, sina kesi na mtu. Lilikaa miezi kumi na moja. Siku lilipokufa kivuko kilikuwa kimetia upande wa Kigamboni, watu wanatoka kwa ile kasi mnayoijua, mimi napandisha mteremko. Nikahisi mpini unajinyonga mkononi, deli likalalia kushoto na kuanza kukwaruza zege. Nikageuka, tairi langu linabingirika kurudi majini. Kuli mmoja akalidaka kwa mguu kama beki, akaniletea, akaliangalia deli, akasema, "Kaka, hili limeteguka nyonga." Siku hiyo samaki walipanda kichwani kwa mtu, na nililipa.

Nyumbani nikaligeuza juu chini. Ekseli, ile fimbo inayoshika matairi, ilikuwa chuma cha kawaida kilichopakwa kromu, na kromu ilikuwa imebanduka kama ganda la yai la kuchemsha, ndani kutu tupu. Kipini kilichokuwa kinazuia tairi lisichomoke kilikuwa kimeliwa hadi kubaki wembamba wa waya. Tundu la kwenye plastiki ambamo ekseli inapita, lililotoka kiwandani likiwa duara, lilikuwa limekuwa umbo la yai, kwa sababu hapakuwa na bushi, kile kibomba kinachokaa kati ya fimbo na tundu. Chuma kilikuwa kinazunguka moja kwa moja kwenye plastiki, na mchanga wa Kigamboni katikati ukifanya kazi ya msasa. Tairi lenyewe lilikuwa maganda mawili ya plastiki yaliyogandishwa, wazi ndani. Nikalitikisa likalia kama kayamba.

Boksi sasa. Hakuna ufa, hakuna bonde, raba ya kifuniko nzima. Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nimekilipia na ambacho sikukilipia.

Hizi za bei kali boksi lake hutengenezwa kama simtanki lililoko nyumbani kwako. Unga wa plastiki hutiwa kwenye umbo, umbo likafungwa na kuzungushwa ndani ya tanuri, plastiki ikayeyuka na kujipaka ukutani kote bila kiungo. Tofauti ni kwamba deli lina ngozi mbili, na katikati hujazwa povu la poliurethani. Kazi hiyo ni ya polepole, plastiki ni nyingi, ndiyo maana bei inapaa na boksi linakuwa zito hata tupu. Mfano Tundra Haul ya Yeti, deli la matairi lililotoka 2018, ni kama kilo 17 kabla hujaweka hata kipande cha barafu. Wangapi mmewahi kuona simtanki limepasuka lenyewe? Wachache. Kwa hiyo muuzaji akilipanda deli kwa miguu yote miwili kukuonyesha ugumu wake, mpigie makofi halafu mwombe aligeuze juu chini.

Mimi huanza na ekseli. Nina sumaku niliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, inakaa kwenye bajaji. Ikinata kwa nguvu kwenye ekseli, mara nyingi ni chuma cha kawaida kilichovishwa kromu, na kwa hewa ya chumvi ya hapa hicho kina tarehe yake. Stenlesi inayotumika sana kwenye vyombo vya baharini sumaku haiing'ang'anii. Alumini nayo haishiki kabisa. Ila angalia kitu kimoja: alumini ikifungwa na bolti za stenlesi bila wosha ya plastiki katikati, maji ya chumvi yakiingia pale alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe umezunguka bolti. Kwenye deli la mtumba ukiuona unga huo, punguza bei au ondoka.

Ukishamaliza ekseli, shika tairi ulivute nje na kulirudisha ndani. Kucheza kidogo si shida. Shida ni kama unaona tundu linaachia mwanga kuzunguka chuma, au kama huoni bushi yoyote. Tairi liwe zima, mpira mgumu au poliurethani ya kipande kimoja, na liwe pana. Coco mkuu ni mchanga. Tairi jembamba kama la begi la safari litachimba mfereji, utaishia kuliburuta kama ngalawa.

Mpini nao usikudanganye dukani, kwa sababu dukani unavuta deli tupu kwenye vigae. Kumbuka ukiinamisha deli ili litembee, sehemu ya uzito inashuka kwenye ekseli na sehemu inabaki mkononi kwako. Matairi yakiwa yamechomekwa pembeni kabisa na deli ni refu, mkono wako unabeba karibu nusu ya mzigo. Deli kilo 17, barafu kilo 15, soda na maji juu yake, fanya hesabu mwenyewe. Mwombe muuzaji akuwekee katoni mbili za maji ndani, utembee nalo hatua ishirini na upandishe ngazi moja. Sikiliza pale mpini unapoungana na boksi. Mimi simwamini kabisa mpini wa kuchomoza unaojificha ndani ya mirija. Mchanga ukiingia mle umekwisha, utavuta hadi utoke jasho. Mkono mmoja wa kukunja, wenye bolti nene zinazopita hadi upande wa pili, huo fundi yeyote anauelewa. Na uwe mrefu. Mfupi utakugonga visigino hadi upende kulibeba.

Raba ya kifuniko pima kwa noti. Weka noti ya elfu moja ukingoni, funga deli na komeo zake, vuta noti. Inatakiwa igome. Rudia pembe zote nne, kwa sababu raba nyingi hulegea pembeni tu. Kama deli linabana vizuri, baadaye ukiwa na barafu ndani utaona kifuniko kinagoma kufunguka dakika chache baada ya kukifunga. Ile hewa ya moto uliyoifungia imepoa na kusinyaa, inakivuta. Wateja wa mama watoto walidhani deli limekwama, kumbe ndiyo sifa yake. Ila kwa unyevu wetu usilihifadhi likiwa limefungwa. Raba itaota ukungu mweusi, na harufu yake haitoki hata kwa Jiki.

Kifuniko gonga kwa vidole kama unavyochagua tikiti. Kikilia bwe, hakuna povu ndani. Ukuta nao gonga ukitembeza mkono, sauti ikibadilika ghafla kuna pengo.

Lakini kipimo ninachokiamini kuliko vyote ni kimoja ambacho video za Wamarekani sijawahi kuona wakikifanya, labda kwa sababu kinahitaji hali ya hewa kama yetu. Ni jasho. Hapa Dar, Januari au Februari, hewa imebeba maji kiasi kwamba kitu kikipoa kidogo tu kuliko hewa kinaanza kulowa. Weka barafu kwenye deli jioni, funga, liache kivulini barazani, usilifunikize kitu. Alfajiri chukua tochi ya simu na ulipapase lote kwa kiganja. Mahali pakavu povu liko vizuri. Mahali penye umande ndipo baridi inapotorokea. La kwangu la sasa lina jasho sehemu tatu: kuzunguka kizibo cha kutolea maji, mstari mwembamba chini ya kifuniko upande wa bawaba, na mabonde mawili matairi yanapokaa. Hayo mabonde ndiyo siri ya deli la matairi. Ili tairi lipate nafasi, ukuta umesukumwa kwenda ndani, na povu pale limekonda. Deli lisilo na matairi halina tatizo hilo.

Nililithibitisha kwa ubishi tu. Nilipanga madeli matatu barazani: la plastiki nyepesi la kuuzia maji, lile lililoteguka nyonga, na hili la sasa nililolinunua mtumba kwa mtu aliyekuwa anahama Masaki. Usiku wa kuamkia siku hiyo yote matatu yalilala na barafu ndani ili yapoe, maana deli zito likiwa la moto linaanza kwa kula barafu yako yenyewe, karibu kilo nzima kwa hesabu zangu. Asubuhi nikamwaga, nikaweka kilo kumi kumi mpya, nikafunga saa ishirini na nne. Kisha nikafungua vizibo na kupima maji kwa jagi lenye alama, kwa sababu kila lita ya maji ni kilo ya barafu iliyokufa. Jepesi lilitoa lita sita na nusu. La sasa lita tatu na robo tatu hivi. Na lile lililoteguka, ambalo niliapa kulitupa? Lita tatu na kidogo. Deli lililonidhalilisha mbele ya abiria wa kivuko ndilo lililoshinda kwa barafu. Lipo hadi leo jikoni, halitembei, linatunza barafu kama benki.

Ndiyo maana nasema watu wanapokupa siku za barafu wanakujibu swali la boksi, na boksi kwa bei hiyo karibu yote ni mazuri. Kuyeyusha kilo moja ya barafu kunahitaji joto lile lile la kuipasha kilo moja ya maji kutoka sifuri hadi nyuzi 80, kwa hiyo barafu yenyewe ni ngumu kufa kuliko tunavyodhani. Kinachoiua kwa kazi yako si ukuta, ni wateja. Kila soda moja, kifuniko juu. Kwa Coco ningekushauri uwe na deli jepesi dogo la kuuzia na kubwa liwe stoo, linafunguliwa mara moja kwa saa. Na kwa vinywaji usimwage maji ya barafu mapema, yana baridi bado na yanazungukia chupa pande zote. Mimi wa samaki ndiye ninayelazimika kumwaga, samaki akiloweka kwenye maji yenye damu analainika na kunuka.

Komeo na bawaba sitakupotezea muda. Komeo za mpira za kuvuta ni bora kuliko za plastiki za kubonyeza, na zikikatika unachonga nyingine kwa mpira wa tyubu. Bawaba iwe fimbo moja ndefu, sio viplastiki viwili vya skrubu. Ujazo nao usiangalie namba iliyo kwenye jina la modeli, mara nyingi siyo lita. Mimina maji kwa ndoo ya lita 20 uhesabu.

Sasa swali lako la bei. Kama ekseli haishiki sumaku, ina bushi, na tairi ni kipande kimoja, nunua, ni kitu cha miaka. Kama miguu ni ya kromu na maganda ya plastiki, chukua kampuni ile ile toleo lisilo na matairi, ni rahisi zaidi na barafu inakaa zaidi, halafu chomelesha kitoroli cha matairi ya pikipiki ndogo. Kitoroli kikifa hakifi na deli. Njia ya katikati ni niliyoifanya mimi kwa hili la sasa: ekseli yake ilipoanza kuonyesha kutu niliipeleka Gerezani, fundi akanikatia fimbo ya stenlesi, akapanua tundu na kupachika bushi mbili za plastiki ngumu. Ni mwaka wa tatu sasa. Kila jioni nalisuuza miguu kwa maji baridi ya bomba, kila Jumapili tone la mafuta.

Na mwulize muuzaji, kabla hujatoa hela, kama ana tairi na raba ya kifuniko za akiba hapa hapa Dar. Akikwambia "tutaagiza", hesabu kwamba hana. Ukitaka sumaku, mimi niko Feri kila alfajiri isipokuwa Jumapili, nakuazima, ila uirudishe, ile spika ilikuwa ya marehemu baba.