Hamali Bontshe: je, Peretz anasifu kunyamaza?

Swali: Klabu yetu ya usomaji imesoma hadithi ya I. L. Peretz, mwandishi wa Kiyahudi aliyeandika kwa Kiyidi, kuhusu Bontshe, hamali aliyeteswa maisha yake yote bila kulalamika. Tuliichukua kama sifa ya subira, lakini mwisho umetuvuruga. Tuisomeje?

Jibu: Anzeni na huo mwisho. Bontshe amekufa na kesi yake imesikilizwa katika mahakama ya mbinguni; anaambiwa kila kitu humo ni chake, achague. Anaomba skonzi ya moto yenye siagi kila asubuhi, basi. Hakimu na malaika wanainamisha vichwa kwa aibu. Mwendesha mashtaka anacheka. Ingekuwa hadithi ya kusifu subira, aibu hiyo ingetoka wapi?

Sasa rudini kwenye hukumu. Hakimu anamwambia kwamba huenda hakujua angeweza kupiga kelele, na kelele zake zingeangusha kuta za Yeriko. Sentensi hiyo ndiyo nguzo ya hadithi, nayo hupitwa haraka kwa sababu msomaji ameshalainishwa na hotuba ndefu ya malaika anayemtetea Bontshe. Isomeni kwa sauti, kisha mjiulize nani amemfanya mtu huyu ashindwe hata kutamani. Wala msimcheke Bontshe. Peretz anamhurumia kwa dhati: ubao wa kaburi lake unapeperushwa na upepo, na mke wa mchimba kaburi anauchoma kuni achemshie viazi.

Zingatieni pia wakati. Hadithi ilitoka 1894, Peretz akiishi Warsaw chini ya utawala wa Urusi, miaka ambayo wafanyakazi wa Kiyahudi walikuwa wanaanza kujipanga. Mwaka 1899 yeye mwenyewe alikamatwa na kufungwa kwa miezi kadhaa. Alizaliwa Zamość, mji wa Poland, mwaka 1852, akawa wakili hadi akanyang'anywa leseni. Hadithi yenye mahakama, mtetezi na mshitaki imeandikwa na mtu anayeijua kazi hiyo.

Kikao kijacho someni hadithi yake nyingine, ile ya rabi (kiongozi wa dini ya Kiyahudi) wa Nemirov, ya 1900. Wafuasi wa rabi huyo wanadai kwamba yeye hupaa mbinguni; Myahudi wa Lithuania asiyeamini anajificha chini ya kitanda chake na kumfuata, akamkuta amevaa kama mkulima, anakata kuni msituni na kumpelekea mwanamke mgonjwa, kisha anamwashia jiko huku akisali. Kosa la kawaida hapa ni kudhani Peretz amerudia imani ya Wahasidi, Wayahudi wa madhehebu ya kumcha Mungu yanayowaheshimu sana marabi wao, kama ilivyo. Amechukua ngano yao na kuuhamishia utakatifu kwenye kuni na jiko la maskini. Mkishaliona hilo, mtaelewa kwa nini mbingu ya Bontshe inaona aibu.