Kushona shifoni na oganza bila mashine kuzimeza: kwa fundi anayeanza

Hii nawaandikia nyinyi mnaoanza, hasa wale wametoka politekniki juzi na sasa wamekaa kwa kibanda cha mtu Kenyatta Market ama Kawangware hapa Nairobi wakipewa kazi kidogo kidogo. Kila Desemba ikikaribia harusi na ruracio (sherehe za mahari) zinajaa, kastoma analeta shifoni, kile kitambaa chepesi cha kuteleza, ametoa Eastleigh, kijana anaiweka kwa mashine venye ilikuwa imesetiwa ya yunifomu, mshono unakunjamana kutoka juu mpaka chini, alafu anaanza kuzungusha tensheni, yaani mkazo wa uzi. Anazungusha kulia, anarudisha kushoto, asubuhi yote imeisha na hata mkono mmoja haujaingia. Tafadhali, tensheni ndio kitu cha mwisho kugusa. Anza na sindano, uende kwa uzi, uangalie pleti (kile kibati chenye shimo la sindano) na mguu wa mashine, alafu mikono yako, na ukifika hapo mara nyingi utapata tensheni haikuwa na shida yoyote.

Sindano kwanza. Yunifomu na suti tunashona na namba 14 ama 16, na hizo zikiingia kwa shifoni zinaacha matundu unayaona ukiinua nguo kwa mwanga, saa zingine zinanasa uzi mmoja wa kitambaa na kuuvuta mpaka unapata mstari umetoka kwa mshono ukaenda hadi katikati ya nguo, na huo mstari hautoki, hata upige pasi mpaka jioni. Nunua namba 9, ikikosekana chukua 11 na usipite hapo. Kwa pakiti utaona imeandikwa 65/9, 75/11, 90/14. Ile namba kubwa ni unene wa sindano, yaani 65 ni milimita 0.65 na 90 ni milimita 0.9, unaona tofauti venye iko. Na iwe mpya, si ile ilishona jinzi jana. Ukitaka kujua kama ncha bado iko poa pitisha kwa kipande cha shifoni kwa mkono, ikishika hata kidogo itupe, sindano ni pesa kidogo sana ukilinganisha na mita tatu za kitambaa cha mtu. Kitu kingine, ukiuziwa zile za ncha ya mviringo za kushona jezi na fulana usizitumie hapa, zinasukuma nyuzi kando badala ya kupenya na mshono unatoka umepinda pinda. Alafu usichanganye sindano za mashine ya nyumbani, zile ziko na upande mmoja bapa huku juu, na za indastrio ambazo ni mviringo pande zote. Hazibadilishani.

Uzi. Ile koni ya 40/2 yenye tunatumia kwa kila kitu itashona shifoni, sikatai, lakini ukipata 60/2 chukua, kwa hizi namba ikiwa kubwa uzi ni mwembamba. Uangalie pia kama uko na manyoya, uinue karibu na dirisha, ukiona unafuka vinyoya na vinundu huo weka kando utashonea mapazia mazito. Na hapa kwa bobini, kale kagurudumu ka uzi wa chini, nisikilizeni vizuri juu ni kitu hakuna mtu hufundisha: jaza bobini polepole. Uzi wa polista unavutika. Ukijaza mbio unaingia kwa bobini ukiwa umenyooshwa, unashona nao hivyo, alafu ukishamaliza unaanza kurudi kwa urefu wake pole pole na unavuta kitambaa nao. Ndio maana nguo inatoka kwa mashine ikiwa imelala fiti, unaitundika, asubuhi unapata mshono umejikunja na unashangaa nani aliigusa.

Sasa pleti. Mashine inameza shifoni kwa sababu kitambaa hakina mwili, sindano ikishuka inakisukuma ndani ya shimo pamoja na uzi. Zile mashine za kisasa za zigizaga shimo lao ni refu, limefunguka kushoto na kulia, kwa hivyo kuna nafasi kubwa ya kumeza. Cherehani nyeusi ya kukanyaga, hizi Singer na Butterfly za zamani, hushona mshono wa kunyooka peke yake, na shimo lake ni dogo la mviringo. Naona vijana wanazidharau ati ni za akina nyanya, na mimi nawaambia wazi kwa shifoni na oganza ningechagua hiyo kabla ya mashine mpya ya stima. Speed unaishika na mguu wako mwenyewe, unaweza kupiga stichi moja, ukasimama, ukaangalia, na stima ikipotea kazi inaendelea. Kama uko na ya zigizaga tu, tafuta pleti yake ya mshono wa kunyooka, ikikosekana bandika selotepu juu ya shimo uache meno ya mashine wazi, alafu shusha sindano itoboe tundu lake. Inasaidia sana. Lakini hapo usiguse zigizaga, sindano itagonga tepu na kushika gundi.

Mguu wa mashine pia huwa unakandamiza zaidi kwa kitambaa chepesi, safu ya juu inabaki nyuma, ya chini inaenda na meno, ukifika mwisho wa mshono unapata upande mmoja umezidi. Kwa cherehani nyeusi kuna skrubu huko juu kabisa ya fimbo ya mguu, ilegeze kidogo. Usiilegeze mpaka kitambaa kianze kuogelea.

Kuanza mshono ndio mahali wengi wanapotea kwa hivyo nitaeleza pole pole. Toa uzi wa juu na wa chini nyuma ya mguu, karibu urefu wa kidole, na uzishike zote mbili na mkono wa kushoto. Usianzie kwa ukingo wa kitambaa. Weka kwanza kipande kidogo cha pamba, mabaki tu, anza kushona juu yake na uingie kwa shifoni bila kusimama, utakata hicho kipande baadaye. Geuza gurudumu kwa mkono stichi mbili tatu za kwanza, kuja kwako, usirudishe nyuma manake uzi utajifunga chini. Ukishaanza kutembea, mkono mmoja mbele mwingine nyuma ya mguu, kitambaa kiwe kimenyooka lakini hukivuti, meno ndio yanapeleka. Ukivuta nyuma sindano inapinda na kugonga pleti. Mwisho usipige rivasi (kushona kurudi nyuma), inarundika uzi na kutoboa mahali pamoja mara nyingi, acha nyuzi ndefu ufunge fundo kwa mkono. Urefu wa stichi uwe kama milimita 2. Kama mashine yako haina namba za kueleweka shona kipande, pima inchi moja na uhesabu, zikiwa 12 mpaka 14 uko sawa.

Ikikataa kabisa, weka karatasi nyembamba ile ya kufungia zawadi chini ya kitambaa, ushone juu yake na uipasue ukimaliza, ukishikilia stichi na vidole ili usivute. Gazeti hapana. Wino wa gazeti unahamia kwa shifoni nyeupe na hapo sasa uko na kesi na bibi harusi.

Kuna kijana anajifunza hapa kwetu, alikuwa na oganza, kile kitambaa chepesi kigumu cha kuonyesha ndani, ya mikono ya puff (ya kufura), amebadilisha kila kitu nimesema na mshono bado unajikunja kidogo. Nikamuuliza ameukata kwa upande gani, nikapata mshono wote unafuata uzi wa urefu wa kitambaa. Oganza imefumwa kwa kubana, uzi wako ukiingia hauna mahali pa kukaa, unasukuma zile zingine kando na kitambaa kinapanda. Hiyo hakuna mashine itatibu kabisa. Tukakata ingine ukingo ukiwa umelala upande kidogo, mashine ile ile, sindano ile ile, ikatoka imenyooka.

Kama umepita hapo kote na bado, sasa ndio shika tensheni. Weka uzi wa rangi moja juu na rangi ingine chini, aina moja, ushone kwa mabaki ya kitambaa hicho hicho, si kwa pamba. Ukiona vidoti vya rangi ya chini vikitokea juu, ya juu imekaza, legeza nusu mzunguko ushone tena. Kesi ya bobini ishikilie kwa uzi wake ikining'inia, itikise kidogo: inafaa ishuke kidogo na isimame. Ikianguka mpaka chini iko loose, isiposhuka kabisa imekaza. Badilisha kitu kimoja kwa wakati, ukibadilisha viwili hutajua ni gani ilisaidia.

Ovaloki, ile ya kuzungushia uzi makali ya kitambaa, kwa shifoni sipendi, inaonekana kwa nje kama nyoka amelala ndani ya nguo. Funga mshono ndani yake. Ukiwa na nafasi ya sentimita 1.5, shona kwanza ndani ikiangaliana na ndani kwa milimita 9, punguza ibaki milimita 3, piga pasi, geuza nje iangaliane na nje, shona tena milimita 6. Makali yote yamefichwa. Ukitaka kuona venye inafaa kukaa nenda Gikomba utafute blauzi ya shifoni ya mitumba, igeuze ndani nje na uangalie mishono ya ubavuni, alafu uifungue na wembe polepole. Hiyo blauzi itakufunza kuliko maneno yangu yote haya.

Kukata, usikunje kitambaa mara mbili, kinateleza. Kitandaze kimoja juu ya karatasi kubwa, ubane pini kwa karatasi na ukate vyote pamoja. Pasi iwe ya moto mdogo juu shifoni nyingi hapa ni polista na inayeyuka, uiinue na kuishusha, usiburute.

Na pindo la sketi ya flea (inayopanuka chini) usilifanye siku hiyo hiyo. Itundike usiku mzima, ile sehemu imekatwa upande itashuka zaidi ya zingine, tena inashuka sana. Asubuhi mwite kastoma avae na viatu atakavyovaa siku ya sherehe, upime kutoka sakafuni kuzunguka kote, ukate sawa ndio ukunje.