Fedha za marehemu zilizokutwa baada ya miaka mingi: nani azidai, na ni za nani?

SWALI: Assalaamu alaykum, Sheikh. Sisi ni wakazi wa Mumias. Baba yetu alifariki mwaka 2009, akamwacha mama yetu, wana wawili, mabinti watatu, na nyanya yetu aliyemzaa, ambaye alikuwa mjane. Nyanya naye alifariki mwaka 2014, akaacha ami yetu mmoja na shangazi watatu, mmoja wao akiwa Mkristo. Hivi karibuni tulipokuwa tukibomoa jiko la zamani tulikuta sanduku la bati, na ndani yake kitabu cha benki cha baba. Benki ikatuambia kwamba fedha hizo, Sh180,300, zikiwemo Sh4,300 za riba, zilikwishapelekwa kwa Mamlaka ya Serikali inayoshika mali zisizodaiwa. Tunajua kwamba baba alibakisha deni la mabati la Sh8,000 ambalo halijalipwa. Kaka yetu mkubwa anasema azidai na azichukue yeye, kwa kuwa ndiye aliyetulipia karo, mama aliolewa tena, na dada zetu wako kwa waume zao. Kuna pia mtu anayetaka theluthi ya fedha ili atufuatilie. Dini inasemaje?

JIBU: Wa alaykumussalaam warahmatullahi wabarakatuh. Kwanza ondoeni wasiwasi kwamba fedha hizo zimegeuka kuwa za Serikali. Sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inaitaka benki ikabidhi kwa Mamlaka akaunti iliyokaa miaka 5 bila mwenyewe kuigusa, lakini inakabidhi ili zitunzwe, na mwenye haki au warithi wake wanaweza kuzidai hata baada ya muda mrefu. Hilo linaafikiana na fiqhi yetu, kwani haki ya mtu haidondoki kwa sababu imekaa, na mali ya maiti huwa ya warithi wake tangu saa ile anapokata roho, wawe wanaijua au hawaijui.

Neno hilo la mwisho ndilo linalojibu sehemu kubwa ya swali lako. Warithi hatuwahesabu kwa siku mliyofungua sanduku, tunawahesabu kwa siku aliyokufa baba yenu. Siku hiyo mama yenu alikuwa mke wake, kwa hiyo kuolewa kwake baadaye hakumpunguzii hata senti moja. Siku hiyo nyanya alikuwa hai, kwa hiyo ana fungu lake ijapokuwa leo yumo kaburini. Na kuhusu dada zenu, Qur'ani katika Suratun-Nisaa, aya ya 7, imewapa wanawake sehemu katika walichoacha wazazi, kiwe kidogo au kingi, na wala haikuweka sharti kwamba wawe hawajaolewa. Nimelisikia mara nyingi katika baraza za mirathi huku kwetu neno la "huyo amekwenda kwa watu", tena kutoka kwa watu wanaoswali safu ya mbele. Hiyo ni mila, na mila haifuti faradhi.

Sasa tuje kwenye hesabu. Tengeni Sh4,300 za riba mwape maskini, bila kuzihesabu kuwa sadaka yenu, kwa sababu aya ya 279 ya Suratul-Baqara inampa mtu rasilmali yake tu. Zinabaki Sh176,000. Mlipeni mwenye mabati Sh8,000 zake, au warithi wake ikiwa amefariki, kwa sababu deni hutangulia mirathi. Hukutaja wasia, ungekuwepo, ungetekelezwa hapa kwa asiye mrithi, bila kupita theluthi. Zinabaki Sh168,000 za kugawa.

Mama yenu ana thumuni, yaani sehemu moja ya nane, kwa sababu marehemu aliacha watoto, nayo ni Sh21,000. Nyanya ana sudusi, yaani sehemu moja ya sita, nayo ni Sh28,000. Zilizobaki, Sh119,000, ni za watoto, mwanamume akipata mara mbili ya mwanamke: kila mwana Sh34,000 na kila binti Sh17,000.

Fungu la nyanya ndilo ambalo familia nyingi hulikosea, ama kwa kulirudisha kwa wajukuu ama kwa kulisahau kabisa. Wanazuoni huita hali hii munasakha, yaani mirathi kuingia ndani ya mirathi kwa sababu mrithi amekufa kabla ya mgawo. Zile Sh28,000 ni mali ya nyanya, na zinagawanywa kwa waliomrithi yeye mwaka 2014. Ninyi wajukuu hamna kitu humo, kwa kuwa ami yenu, mwanawe wa kumzaa, yuko na amewazuia. Ami anapata Sh14,000 na kila shangazi Muislamu Sh7,000. Shangazi Mkristo harithi, kwa hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim kwamba Muislamu hamrithi asiyekuwa Muislamu wala yeye hamrithi Muislamu. Lakini aya ya 8 ya Suratun-Nisaa inaamrisha jamaa wasiorithi wanaohudhuria mgawo wapewe chochote na waambiwe maneno mema. Katika nyumba zetu za magharibi, ambamo ndugu wa tumbo moja mmoja huenda msikitini na mwingine kanisani, ningependa kila mwenye fungu amtolee shangazi huyo kitu kwa hiari yake.

Ama kaka yenu, karo aliyolipa ni wema mkubwa na Allah amlipe, lakini alichotoa bila kukubaliana nanyi kwamba ni mkopo hakigeuki deni leo kwa kuwa kumeonekana fedha. Anaweza kuwa msimamizi wa kuzidai, na nadhani ndiye anayefaa, mradi ajue kwamba usimamizi ni amana. Nauli na gharama za hati alizotumia kwa kweli arudishiwe kwanza.

Huyo anayetaka theluthi mwacheni. Ujira wa wakala si haramu kwa asili yake, lakini Mamlaka haitozi ada ya kudai, na kazi yenyewe mnaiweza: cheti cha kifo, vitambulisho vyenu, kile kitabu cha benki, na hati ya mahakama inayomtambua msimamizi wa mirathi. Hati hiyo ombeni Mahakama ya Kadhi, ambayo Kifungu cha 170 cha Katiba kimeipa mamlaka juu ya mirathi ya Waislamu, kisha ulizeni maelekezo ya fomu katika Huduma Centre ya Kakamega au ya Kisumu. Mnapojaza majina ya warithi msimwache ami wala hao shangazi wawili, maana kuwaficha mbele ya kadhi ni ushahidi wa uongo, na fedha zikitoka kwa njia hiyo Sh28,000 zitakuwa ni za watu mikononi mwenu.

Wallahu a'lam.