Nilibadilisha shokapu nikitegemea mafuta yakae

"Shokapu zimekufa hizi, dada. Ukiweka mpya utaona hata mafuta yanakaa."

Niliambiwa hivyo kwenye gereji moja hapa Moshi, gari langu, Toyota IST, likiwa juu ya jeki. Shokapu ya mbele kushoto ilikuwa imevuja oili, ikashikana na vumbi mpaka imekuwa na ganda jeusi. Niliamini haraka. Naishi Kiboriloni na kazi yangu inanipeleka Arusha mara tatu kwa wiki, kilomita 80 kwenda na 80 kurudi, kwa hiyo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi EWURA wanapotangaza bei mpya za mafuta mimi ni miongoni mwa wanaosubiri roho ikiwa juu. Nikanunua zote nne.

Gari lilitulia kweli. Matuta ya Usa River niliyapita bila ule mdundo wa kurukaruka mara mbili tatu baada ya tuta. Mafuta yakawa yaleyale. Kabla nilikuwa napata kilomita 12.1 kwa lita, baada ya shokapu nikapata 12.2, na tofauti ya namna hiyo inaweza kuletwa hata na foleni ya siku moja pale Tengeru.

Naandika haya kwa sababu ahadi hiyo bado watu wanapewa, na wengi wanatoa hela ya ada kwa ajili yake. Shokapu kazi yake ni kuzuia springi isiendelee kucheza, ili tairi libaki limekanyaga barabara. Kwenye lami nzuri, ikiwa mpya au imechoka, injini haihisi tofauti ya maana. Inapokugharimu petroli ni kwenye njia mbovu: gari linayumba, unakanyaga breki kila shimo, halafu unakanyaga tena mafuta kurudisha mwendo. Sababu kubwa ya kubadilisha shokapu ni breki. Tairi linalodunda halishiki barabara, na gari linachelewa kusimama. Mtoto akikatiza barabara pale Maji ya Chai, hizo hatua chache ndizo zinazohesabika. Kwa hiyo zibadilishe, tena kwa jozi, kushoto na kulia pamoja. Ila usizibadilishe kwa hesabu ya sheli.

Mafuta yangu yalikuwa yanaishia kwingine. Aliyenionyesha ni mzee mmoja fundi wa miguu ya magari kule Majengo. Nilimwamkia, nikamweleza, wala hakufungua boneti. Alichuchumaa kwenye tairi la mbele, akaniambia, "Mwanangu, lete mkono." Akanipitisha kiganja juu ya kashata za tairi kutoka ndani kwenda nje: laini. Akanirudisha kutoka nje kwenda ndani: inakwaruza kama meno ya msumeno. Ukingo wa ndani ulikuwa umeliwa mpaka kipara, na tairi lenyewe halikuwa na mwaka. Kisha akapiga jeki, akashika tairi kushoto na kulia, akalitikisa. Likacheza. Tairodi ya upande huo, kile chuma kinacholigeuza tairi ukikata usukani, ilikuwa imelegea, na bushi za mikono ya chini inayoshikilia tairi zilikuwa zimepasuka, mpira umeachana na chuma.

Mpira ukifa hivyo, tairi haliangalii tena mbele sawasawa. Yangu yalikuwa yameachama, ncha za mbele zimetazama nje. Gari linakwenda mbele, tairi linataka kwenda pembeni, basi linaburuzwa. Chukua tairi lililopinda nusu digrii tu, ambayo kwa jicho huioni: kila kilomita linasuguliwa pembeni karibu mita 9. Kutoka Moshi hadi Arusha ni kama mita 700 za kuburuzwa kwa upande. Nguvu ya kuliburuza inatoka kwenye injini, na injini inaitoa kwenye tenki. Sehemu ya petroli yako inageuka kuwa unga wa mpira barabarani.

Nilibadilisha bushi na tairodi. Hapa kuna jambo ambalo mafundi wengi wanaliruka, na naomba usimame pale pale uangalie. Bushi za mpira zinakazwa boliti za mwisho gari likiwa limesimama kwa uzito wake kwenye matairi. Zikikazwa mguu ukiwa unaning'inia kwenye jeki, gari likishushwa ule mpira unabaki umejisokota muda wote, na utapasuka mapema. Bushi mpya zikifa haraka, watu wanalaumu spea feki. Wakati mwingine ni feki kweli, lakini si mara zote.

Halafu wilo alaimenti, yaani kupima na kunyoosha matairi, siku hiyohiyo au kesho yake. Ukigusa tairodi, mkono wa chini au shokapu za mbele za gari kama langu, vipimo vya tairi vinahama. Kuweka spea mpya ukaacha alaimenti ni kununua tatizo jipya kwa hela yako. Na kama umenyanyua gari kwa spesa, kama wengi tunaopanda Kibosho na Machame tunavyofanya, ujue pembe za matairi zimehama tangu siku hiyo, na gari lililonyanyuka linasukuma upepo mwingi zaidi likiwa kasi. Sisemi uzitoe, maana najua njia za kwetu kwenye masika. Mwambie tu mtu wa alaimenti kwamba zipo.

Kabla sijagusa bushi, tairodi wala alaimenti, nilirekebisha kwanza upepo wa matairi, nikaendesha wiki nzima ili nione kila kitu kimefanya nini. Nilikuwa na PSI 26 badala ya 33 zilizoandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva. Upepo peke yake ukanifikisha 12.4. Alaimenti juu ya bushi na tairodi mpya, 12.9. Kwa safari yangu ya kwenda na kurudi ni karibu nusu lita hadi lita kasoro kidogo. Si utajiri, ila napita njia hiyo wiki baada ya wiki. Nilichookoa zaidi ni matairi: jozi ya sasa imekula sawa ndani na nje, na ukipitisha kiganja ni laini pande zote mbili.

Ukitaka kujipima, usipime kwa safari ya upande mmoja. Moshi mjini iko chini ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, Arusha inakaribia 1,400. Ukipima ukipanda utasema gari limeharibika, ukipima ukishuka utasema fundi ni malaika. Jaza fulu, pampu ikijikata yenyewe acha hapo, usimwombe kijana aongezee. Nenda na urudi, jaza sheli ileile, pampu ileile, gawanya kilomita kwa lita. Fanya hivyo mara tatu au nne ndipo uamini namba.

Na kama umemaliza yote hayo na namba haijasogea, angalia breki. Endesha kama nusu saa ukipunguza mwendo bila kukanyaga breki sana, simama, sogeza kiganja karibu na kila rimu bila kuigusa. Kama moja ina joto kuliko mwenzake wa upande wa pili, huenda breki ya tairi hilo inashika. Piga jeki, weka nyutro, zungusha tairi kwa mkono. Likikataa baada ya robo mzunguko, mwambie fundi atoe pini za kalipa (kile kinachobana pedi za breki), azisafishe vumbi na kuzipaka grisi inayofaa kwa breki.