Re: Luwoko inatoa povu lakini konokono hawafi

Habari ndugu wa Hoima. Umechemsha matunda ya luwoko (Phytolacca dodecandra), povu limejaa ndoo, konokono wanaoeneza kichocho wako hai. Cha kwanza kuangalia ni huo moto.

Ndani ya tunda, saponini (kemikali inayotoa povu kama sabuni) hubeba minyororo miwili ya sukari, mmoja kwenye atomi yake ya kaboni ya 3 na mwingine kwenye ya 28. Hivyo inatoa povu tu. Ukisaga kwenye maji baridi, kimeng'enya cha tunda lenyewe (protini inayoharakisha mabadiliko ya kemikali) hukata ule mnyororo wa 28, na saponini inayobaki ndiyo inayoua konokono. Kuchemsha huharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi.

Mimi hutumia matunda yaliyochumwa kabla hayajaiva, kisha yakakaushwa, nasaga, naloweka usiku kucha. Sijui yako yalikuwa yameiva kiasi gani. Usimwage karibu na bwawa la samaki, nao watakufa.