Bei ya nyumba Ujerumani: usilinganishe München na Leipzig kwa tangazo pekee

Dada mmoja, muuguzi wa München, ameniandikia. Ameona tangazo la fleti Chemnitz, huku mashariki ya Ujerumani, na bei yake, anasema, kwao hainunui hata jiko na choo. "Kaka, mbona rahisi hivi? Kuna nini? Ninunue?" Maswali ya aina hii yamekuwa mengi tangu nilipoweka picha ya funguo zetu za Leipzig, kwa hiyo leo nawajibu wote kwa pamoja.

Ndiyo, tuna nyumba. Vyumba vitatu, roshani inatazama njia ya tramu. Nalisema bila haya kwa sababu tulipofunga mizigo München wapo waliocheka. "Wenzako wanakimbia mashariki, wewe ndiyo unaenda!" Mmoja alituuliza mbele za watu kama tumefukuzwa. Wengi wao bado wanalipa pango kulekule, na kila mwaka linapanda. Sisemi zaidi.

Turudi kwenye hesabu. Fleti ya kawaida München ni zaidi ya euro 8,000 kwa mita moja ya mraba. Leipzig inacheza kati ya 2,500 na 3,000. Chemnitz iko chini ya 2,000. Watu wakishaona tarakimu hizo hawaulizi tena. Mimi nawaambia chukua bei, igawanye kwa pango la mwaka mzima la nyumba kama hiyo katika mji huohuo, pango tupu bila gharama za joto na maji. Mfano: mita 60 München kwa euro 510,000, na nyumba kama hiyo inapangishwa 1,200 kwa mwezi. Ukigawanya unapata zaidi ya 35. Leipzig, mita hizohizo kwa 162,000, pango 540, unapata 25. Yaani aliyenunua München anahitaji miaka 35 ya pango kurudisha bei, hata kabla ya riba. Huko kupanga si ujinga, tena mara nyingi ndiyo akili.

Halafu linganisha na mshahara wako. Hapa wauguzi tuna bahati ambayo wengi hatuioni. Hospitali za manispaa zinafuata TVöD, mkataba wa pamoja wa mishahara ya watumishi wa umma, na jedwali lake la mishahara ni moja nchi nzima. München wanaongeza posho ya ughali wa mji, lakini posho hiyo haikaribii hata kidogo tofauti ya bei za nyumba. Fundi wa kompyuta anayelipwa vizuri na kampuni kubwa ya München akihamia Leipzig huenda akapoteza mshahara mnono. Sisi tunahama na ngazi yetu ya mshahara. Nilipomweleza mke wangu hilo, hakulala usiku ule; asubuhi alikuwa ameshaanza kutafuta shule.

Kodi ya ununuzi nayo hutofautiana kwa jimbo, na matangazo hayaiweki kwenye bei. Bavaria ni asilimia 3.5. Saxony, zilipo Leipzig na Chemnitz, ilikuwa hivyohivyo hadi ilipopandishwa kuwa 5.5 mwaka 2023. Nordrhein-Westfalen ni 6.5. Ongeza ada za mthibitishaji wa mkataba (Notar) na za daftari la ardhi, karibu asilimia 2, na dalali, ambaye tangu Desemba 2020 mnunuzi kwa kawaida hagharamii zaidi ya nusu ya ada yake. Kwa fleti ile ya mfano ya Leipzig, hiyo ni karibu euro 18,000, na benki nyingi zinataka uzitoe mfukoni. Benki ya kwanza tuliyoiendea haikufika hata huko. Yule bwana aliangalia kibali chetu cha ukaazi, akafunga faili, akatutakia siku njema. Bado inaniuma. Kama huna kibali cha kudumu, anza na hilo kabla ya kuangalia jiko la mtu.

Dada, sasa Chemnitz. Mji huo hadi 1990 uliitwa Karl-Marx-Stadt, na baada ya Ujerumani Mashariki na Magharibi kuungana watu wengi waliondoka kufuata kazi magharibi. Leipzig nayo ilipungukiwa na watu, ila wakarudi, sasa imepita laki sita. Nyumba inakuwa rahisi pale ambapo waliobaki ni wachache kuliko nyumba. Si ulaghai, lakini siku ukitaka kuuza utawauzia haohao wachache. Na tusifichane: katika uchaguzi wa bunge wa Februari 2025, AfD, chama kinachopinga wahamiaji, ndicho kilichoongoza Saxony. Nenda mtaani usiku, panda basi, ingia dukani na watoto. Mtaa ndio utakaokujibu. Hata ndani ya mji mmoja mambo hubadilika: Essen, kusini na kaskazini ya barabara kuu ya A40 ni kama miji miwili.

Pia angalia neno Erbbaurecht kwenye tangazo. Sisi wa Mombasa tunaijua habari hiyo tangu utotoni: nyumba yako, ardhi ya mwingine, kila mwaka unamlipa mwenye ardhi. Huku mwenyewe mara nyingi ni kanisa au manispaa. Bei inaonekana tamu kwa sababu ardhi haimo. Vilevile fleti "yenye mpangaji" ni rahisi kwa sababu mpangaji analindwa sana. Jengo likigawanywa kuwa fleti za kuuzwa akiwa tayari anaishi humo, huwezi kumtoa ukakae wewe kwa miaka 3, na miji mingine hadi 10.

Narudia, bei ya tangazo ni matamanio ya muuzaji. Bei halisi ziko kwa Gutachterausschuss, kamati ya wathamini, kwa kuwa kila mkataba wa mauziano hupelekewa nakala. Ripoti zao ziko kwenye mtandao, na ramani za bei ya ardhi katika majimbo mengi unaziona bure. Vijana wetu wanasoma matangazo usiku kucha na ripoti hiyo hawajawahi kuifungua! Someni, jamani.

Kwa fleti hiyo ya Chemnitz, mwombe dalali kumbukumbu za mikutano ya wenye fleti za miaka mitatu na kiasi kilichomo kwenye akiba ya matengenezo. Akikuzungusha, achana nayo. Akikupa, nitumie tuzisome pamoja.